Kimo kinakubali, upande unakataa: upepo wa Dodoma na programu ya balistiki

Mlengaji wa Makulu aliuliza:

Ndugu zangu, naombeni msaada wenu. Mimi ni mmiliki halali wa bunduki ya .308, na hulenga shabaha za karatasi katika uwanja wenye kibali nje ya mji wa Dodoma, tukiwa tumeelekea kaskazini. Programu ya balistiki (ya kukokotoa njia ya risasi) iliyo kwenye simu yangu hunipa kimo sahihi, yaani marekebisho ya juu na chini, hadi mita 600, hasa baada ya kuiongezea kasi ya risasi mpaka ikakubaliana na matundu ya kwenye karatasi. Tatizo liko upande. Kiangazi hiki upepo hutoka mashariki au kusini-mashariki karibu mchana kutwa. Hupima kwa kipimaupepo cha mkononi na kuingiza namba ninazopata, lakini risasi nyingi hupiga kulia, kule kule upepo unakotoka, mara sentimita 15, mara 40, na chache hupotelea kushoto. Je, programu ndiyo inayokosea, au ninailisha takwimu zisizofaa?

Nyika Kavu alijibu:

Ndugu, programu haijui upepo; inajua tu namba uliyoiandikia. Kinachoamua risasi itasukumwa kiasi gani ni ule muda inaochelewa kwa sababu ya ukinzani wa hewa. Tuseme inatoka kwenye mtutu kwa mita 790 kwa sekunde: pasipo hewa ingefika mita 600 kwa sekunde 0.76, lakini katika hewa ya Dodoma huchukua takriban 0.95. Zidisha tofauti hiyo, kama sekunde 0.2, kwa kasi ya upepo unaokata njia ya risasi, nawe utaona kwamba kosa la mita 1 kwa sekunde linasogeza tundu kwa sentimita 20. Kwa hiyo sentimita zako 40 ni mita 2 tu kwa sekunde, tofauti ambayo si rahisi kuikadiria kwa ngozi ya uso.

Kipimaupepo nacho hupima pale ulipokaa tu. Ukikishika chini ya mgunga au nyuma ya tuta la udongo, kitakudanganya. Upepo ulio karibu na mlengaji una uzito zaidi kuliko ule wa mwisho wa safari, kwa kuwa risasi iliyopotoshwa mapema huendelea na upotofu huo umbali wote uliobaki, lakini huo wa katikati pia haupuuzwi. Tazama nyasi za mita 200 na 400, kisha urudishe ukali wa darubini karibu nawe kidogo kuliko shabaha uangalie mazigazi, ile hewa ya joto inayochezacheza. Yakipanda wima, hakuna upepo wa kukata. Yakitiririka kwenda upande mmoja, upepo unakwenda huko. Ukizidi takriban mita 5 kwa sekunde yanalala kabisa na hayakuambii tena kasi. Visulisuli vya vumbi vikianza kuzunguka uwanjani, mimi huweka bunduki chini nikanywa maji.

Mzee wa Kondoa alijibu:

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kutawanyika kwa risasi, lakini hajagusa jambo moja: kwa nini nyingi ziende kulia? Usomaji mbaya wa upepo hutawanya risasi pande zote mbili, ilhali zako zina upande zinaoupenda.

Kijana wangu, kagua mgandamizo wa hewa ulioingiza. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo halisi wa hapa hukaribia hektopaskali 890. Taarifa za viwanja vya ndege hutoa namba iliyokwisha kurekebishwa kuwa ya usawa wa bahari, inayozunguka 1,013. Ukiiandika hiyo kana kwamba ndiyo ya hapa, programu hudhani hewa ni nzito kuliko ilivyo, ikakupa kimo kikubwa mno. Wewe unasema uliongeza kasi ya risasi hadi kimo kikakubali, na hapo ndipo ninapopata shaka, kwa maana kasi ya bandia hufunika kosa upande wa kimo huku ikiliacha upande wa upepo. Marekebisho ya upepo yanaweza kuzidi kwa takriban asilimia 10, na kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde hizo ni sentimita 8 za kukupeleka kulia.

Halafu, mtutu wenye mifuo (mifereji ya ndani) inayozunguka kulia huipeleka risasi kulia yenyewe, takriban sentimita 9 kwa umbali huo. Kama kipengele cha kuhesabu msogeo huo kimezimwa kwenye programu, jumlisha mwenyewe. Rudisha kasi halisi ya risasi, iliyopimwa kwa kifaa, weka mgandamizo halisi, kisha ulenge asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

Mlengaji wa Makulu aliandika:

Ahsante sana, Mzee. Je, kile kipengele cha mzunguko wa dunia nacho nikiwashe?

Mzee wa Kondoa alijibu:

Kiwashe ukipenda, lakini kwa upande hakitakusaidia. Tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na hapa kwa mita 600 hicho huisogeza risasi kushoto kwa nusu sentimita tu. Kingeonekana kwenye kimo kama uwanja wenu ungeelekea mashariki au magharibi, kama sentimita 4 juu au chini, lakini ninyi mnaelekea kaskazini.