Naomba ushauri: lenzi ya anamofiki ya bei nafuu kwa Pocket Cinema Camera 4K

Ndugu zangu wapiga picha, salaam. Ninatumia Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K, na nimeazima lenzi ya anamofiki ya Sirui ya milimita 50, yaani inayobana picha kwa upana, hii kwa mara 1.33, ili niamue kama ninunue yangu kabla ya kurekodi filamu fupi. Nikirekodi kwa 3840 × 2160 kisha nikaitanua picha, napata uwiano wa upana kwa kimo wa takriban 2.4 kwa 1, na ile mistari ya buluu inayotokana na taa za magari usiku imenivutia mno.

Shida yangu ni nafasi. Kihisi cha kamera hii, yaani sehemu inayopokea picha, kina upana wa milimita 18.96 tu, hivyo milimita 50 huona eneo dogo, ilhali karibu hadithi yote inatokea ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Tena lenzi hii haifokasi karibu zaidi ya sentimita 85, nami nahitaji kuonyesha vidole vya mama akishona.

Je, mliokwisha kuzitumia mnanishauri ninunue ya milimita 24, ingawa uwazi wake wa kuingiza mwanga unaishia f/2.8 na chumba kina taa moja, au nibaki na ya 50 na kuifungia lenzi ya kukuzia mbele yake?