Mjadala: Mwanafunzi wa kompyuta Dodoma ana haja gani na kiini cha Linux?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Watu wa kompyuta hapa Dodoma tukikutana, hoja ni ileile: somo la mifumo endeshi lipunguzwe, muda wake upewe programu za simu na tovuti, maana ndiko kwenye ajira. Mimi napinga, na nitatumia mfano mmoja tu: jinsi kiini cha Linux, yaani programu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huo inayogawa kumbukumbu na prosesa, kinavyohesabu wanaotumia kumbukumbu moja kwa pamoja.

Programu ikiwa na thredi kumi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba), zote zinatumia kumbukumbu ileile. Kiini lazima kijue wa mwisho ametoka lini ndipo kiiachie. Kikiiachia mapema, kuna atakayesoma mahali palipokwisha kupewa mwingine. Kisipoiachia kabisa, serva inajaa polepole mpaka inagota. Wengi hudhani hesabu moja inatosha, lakini Linux ina mbili. mm_users inahesabu wanaotumia kumbukumbu yenyewe. mm_count inahesabu wanaoshikilia rekodi inayoielezea kumbukumbu hiyo, na watumiaji wote wa ile ya kwanza, hata wawe mia, humu wanahesabiwa kama mmoja.

Sababu ni kwamba thredi za kiini chenyewe hazina kumbukumbu ya mtumiaji. Prosesa ikihamia kwenye thredi ya namna hiyo, kubadilisha majedwali ya kurasa (ramani ya vipande vya kumbukumbu ya programu) ni hasara tupu, kwa hiyo inaazima ya programu iliyotoka kupisha. Chukua nyumba ya kupanga kule Ng'ong'ona: mpangaji wa mwisho akihama vyombo vinatolewa, lakini huibomoi nyumba wakati mlinzi, yaani thredi ya kiini iliyoazima, bado yumo ndani. mm_users ikifika sifuri, kurasa za programu zinaachiwa. Rekodi na jedwali la juu kabisa vinabaki mpaka mm_count nayo ifike sifuri.

Kijana aliyelielewa hili ameelewa umiliki wa kitu kinachotumiwa na wengi. Naomba mnioneshe somo jingine linalomfundisha hivyo.

MCHANGIAJI WA 1, mtengenezaji wa programu za simu
Mkuu, heshima yako. Ila vijana ninaowaajiri wanaandika Kotlin na JavaScript, lugha zinazojisafishia kumbukumbu zenyewe. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari za mm_count. Kijana anamaliza chuo hajui kuunganisha programu na malipo ya simu, halafu tunamwongezea kiini? Hayo tuwaachie wanaokitengeneza huko.

MCHANGIAJI WA 2, msimamizi wa serva
Hilo neno "huko" ndilo linaloniuma. Kila simu ya Android unayoiandikia, ndugu yangu, inaendeshwa na kiini cha Linux.

Januari 2016 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama wa Linux wenye namba CVE-2016-0728. Sehemu ya kiini inayotunza funguo ilikuwa inaongeza hesabu ya marejeo (idadi ya wanaokishikilia kitu) na, katika njia moja ya makosa, inasahau kuipunguza. Hesabu ni ya biti 32, hivyo ina ukomo. Mtu asiye na mamlaka yoyote akirudia ombi linalopita njia hiyo zaidi ya mara bilioni 4, inazunguka na kurudi sifuri. Kiini kinaamini hakuna anayekitumia kitu kile, kinakiachia, na mvamizi anapata njia ya kuwa mkuu wa mashine. Kosa lilikuwamo tangu toleo la 3.8. Mwaka 2017, toleo la 4.11 lilileta aina mpya ya hesabu, refcount_t, ambayo ikifika ukomo inaganda hapo badala ya kuzunguka. Kumbukumbu kidogo ivuje, lakini mlango usifunguke. Msimamizi asiyejua maana ya hayo atasoma tangazo la usalama, aliahirishe mpaka wiki ijayo.

MCHANGIAJI WA 3, mwanafunzi
Shikamooni. Kama kuhesabu kwa mkono ni hatari hivi, si bora tufundishwe Rust moja kwa moja, lugha inayosimamia umiliki wa kumbukumbu yenyewe? Linux ilianza kuipokea toleo la 6.1.

MLETA MADA
Marahaba. Rust itakupunguzia hesabu yenyewe. Haitakuamulia kama hesabu ilihitajika. Kwenye mashine yenye prosesa nyingi zinazoendesha programu moja, kila prosesa inayoingia na kutoka mapumzikoni (wakati huo huendesha thredi ya kiini inayoazima) hugusa mm_count ileile, na zote zinagombea kipande kimoja cha kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Mwaka 2023, toleo la 6.4 lilipokea kazi ya Nicholas Piggin: usanifu wa prosesa unaotaka, kama PowerPC ya biti 64, unaweza kuacha kuwahesabu waazimaji. Programu inapokufa, kiini kinazitumia ishara prosesa zilizoiazima ziachie. Gharama imetolewa kwenye jambo linalotokea kila mara na kupelekwa kwenye linalotokea mara moja. Uamuzi huo haufanywi na lugha.

Mchangiaji wa 1, hoja ya ajira naikubali kwa nusu. Sidai muhula mzima wa nadharia. Nataka wiki chache za maabara, mwanafunzi akiongeza hesabu na kusahau kuipunguza kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya nyingine), aone kumbukumbu ikiisha. Malipo ya simu yabaki palepale. Hapo bado unapinga, au tumebaki kubishana kuhusu ratiba?

MCHANGIAJI WA 1
Ratiba, na nani atakayefundisha. Walete hao walimu kwanza.