Tupeane uzoefu: mliowahi kukodi jetski Mombasa, ilikuwaje?

Mkaa Kisauni
Wadau, Jumamosi nina binamu zangu wawili kutoka Nakuru na wimbo wao ni mmoja: jetski, ile pikipiki ya majini. Mimi nimezaliwa huku, bahari naiona kila siku, lakini hicho chombo sijawahi kukipanda. Huwa nawatazama tu wenzangu pale ufuo wa Pirates huku nikila kachiri. Hebu mwageni visa vyenu, na si vya kusikia.

Binti wa Majengo
Mimi niliibiwa dakika. Tulipatana nusu saa, nikatuma M-Pesa yote kabla hata sijavua viatu. Kumbe yule kijana alianza kuhesabu pale alipokuwa ananivalisha jaketi. Na hilo jaketi lenyewe! Vifungo vitatu, viwili vimekatika, mahali pake kamba ya nailoni. Kufungwa, kuelezwa, kusukumwa mpaka maji ya kiuno, kusubiri ngamia wapite (usicheke), dakika kumi na mbili zimeshakwenda. Siku hizi natoa nusu, nyingine tukirudi, na saa inaanza injini ikilia.

Mjukuu wa Nahodha
Nyote mwauliza bei, mie nauliza mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na hapa kwetu maji hupwa sana mnamo saa nne, saa tano za asubuhi. Hapo Nyali na Bamburi mtu aweza kutembea kwa miguu kuelekea mwambani. Na jetski haina rafadha ya nje. Yavuta maji tumboni na kuyatema nyuma. Ukiiwasha kwenye maji ya magoti, yavuta na mchanga, na mwani, na vipande vya nyavu. Mpwa wangu aliiwasha hivyo, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Alidaiwa pesa ya matengenezo mpaka akaacha simu rehani.

Bodaboda Mstaafu
Mzee kasema kweli. Mimi yangu ilikuwa Shanzu. Nimeendesha pikipiki miaka sita, nikajiona fundi. Nikawa namwendea mvuvi kwenye ngalawa yake, nikashtuka, nikafanya kile mkono umezoea: nikaachia mafuta, nikakata usukani. Haikati! Inateleza moja kwa moja kama gogo. Usukani wa jetski unageuza yale maji yanayotemwa nyuma; ukiachia mafuta hakuna maji, basi hakuna kona. Kukwepa ni kukata huku umeshika mafuta, jambo ambalo moyo unalikataa kabisa. Niliukosa mrengu wa ngalawa kwa urefu wa mkono hivi. Yule mzee hakunitukana. Alisimama na upondo wake, akaniuliza polepole: "Mamako ajua uko huku?"

Binti wa Majengo
😂😂 Nimemwona huyo mzee kabisa.

Wa Boti ya Vioo
Ombi kutoka upande wa pili. Sisi tunapeleka wageni kuangalia matumbawe kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa, ile iliyotangazwa tangu 1986. Mgeni akiwa na miwani ya kuzamia, kichwa kinaonekana kama nazi inayoelea. Mkiona boti imetulia, pitieni mbali, mbali sana. Mwaka jana nilivua shati nikalipunga mpaka bega likauma ndipo kijana mmoja akageuza.

Dada wa Tudor
Ile kamba ya mkononi ya kuzimia injini ifungeni, tafadhali. Nilianguka, injini ikazima papo hapo, nikarudi kupanda kwa nyuma. Mwenzangu yake aliizungushia usukani kwa sababu "inambana". Alipoanguka chombo kiliendelea kunguruma, upepo wa kusi ukakisukuma, naye anakifuata kwa kuogelea. Ilikuwa Julai, mawimbi yamechafuka. Kama mnaenda miezi ya kusi, afadhali ndani ya hori la Mtwapa.

Mkaa Kisauni
Asanteni jamani, nimeogopa na nimetamani kwa pamoja. Mzee wangu Mjukuu wa Nahodha, Jumamosi mwezi utakuwa na siku ngapi tangu kuandama?

Mjukuu wa Nahodha
Siku nane. Maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana. Saa nne asubuhi mtayakuta yamo. Na hao wa Nakuru, waulize kwanza kama wajua kuogelea.

Mkaa Kisauni
Nimewauliza. Mmoja amesema "kidogo". Mwingine amenitumia picha ya kofia aliyonunua.