Naomba ushauri: mzee ana uvimbe kwenye mshipa mkuu wa damu tumboni

Habari zenu wakuu. Baba ana miaka 74, ana presha na amevuta sigara tangu ujana. Alienda ultrasaundi ya tezi dume, wakakuta aota, yaani huo mshipa mkuu, imetanuka tumboni hadi sentimita 5.8. Haumwi popote, ndiyo maana anagoma: "Mnipasue nina nini?" Lakini kwa wanaume ikifika 5.5 madaktari huanza kushauri itengenezwe, maana ikipasuka wengi hawafiki hospitali.

Njia ni mbili: kupasua tumbo na kushonea mshipa wa bandia, au kupitisha stenti (kibomba cha wavu wa waya) yenye kitambaa kwenye mshipa wa kinena, ikafunguke ndani ya aota ili damu isiusukume tena ule ukuta uliolegea. Hii ya pili si ya majaribio, daktari mpasuaji Juan Parodi aliifanya Buenos Aires, Argentina, tangu 1990. Mgonjwa anapona haraka, ila lazima afuatiliwe kwa picha miaka yote, kwani damu huweza kuvujia pembeni ya stenti. Figo za mzee haziko vizuri, na ile dawa inayochomwa mshipani wakati wa CT scan inanipa hofu sana, maana inaweza kuziumiza zaidi.

Mliouguza mgonjwa wa hivi, mlifanyia wapi: Dar, Nairobi au India? Bima ililipia vipimo vya baadaye? Na mzee mlimshawishi vipi?