Wakala alipandisha nyimbo zangu kwa akaunti yake, sasa zimeshushwa na hapokei simu

Ndugu wasanii wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mwaka 2022 nilimkabidhi wakala mmoja hapa Dar es Salaam nyimbo zangu sita azipandishe Spotify, Apple Music, Boomplay na Audiomack, kwa makubaliano kwamba abaki na asilimia 30 ya mapato. Nilikubali kwa sababu sikuwa na kadi ya kulipia mtandaoni, na Spotify haipokei wimbo kutoka mkononi mwa msanii mpaka upitie kwa msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa hayo. Ambacho hakuniambia ni kwamba akaunti ilikuwa ya jina lake na barua pepe yake, na kwamba msambazaji aliyemchagua hulipwa ada kila mwaka.

Mwaka huu hakulipa. Nyimbo zote sita zikashushwa, nami nikaambiwa na shabiki, si na yeye. Nilipompigia alidai fedha za kuzirejesha. Nilipokataa akaacha kupokea simu. Nikamwandikia msambazaji, naye akanijibu kwa adabu kwamba anamtambua mwenye akaunti tu. Sauti ni yangu, mashairi ni yangu, prodyuza nilimlipa mimi, lakini kwenye kumbukumbu zao mimi simo.

Kinachoniuma zaidi ni ISRC, ile namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha kila rekodi. Ukihamia kwa msambazaji mwingine na namba ileile, kwa kawaida hesabu ya usikilizaji huhama nawe. Wakala hakuwahi kuitaja hata mara moja. Nilipozipandisha upya mwenyewe, kwa haraka na kwa kadi ya dada yangu, zikapewa namba mpya na hesabu ikaanzia sifuri, wakati tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12.

Wapo wasambazaji wasiodai ada ya mwaka. CD Baby, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikikata asilimia 9 ya mapato na kuuacha wimbo hewani. Mtu anayechukua asilimia 30 yangu alipaswa kuniwekea njia zote mezani, nichague mwenyewe, na akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yangu.

Kama yupo aliyewahi kuyadai malipo ya nyuma yaliyobaki kwenye akaunti ya wakala, naomba aeleze alianzia wapi na alionyesha vielelezo gani, kwa sababu mimi nina ujumbe wa simu tu, sina mkataba wa maandishi.