Maigizo ya kina mama: anayelipa ndiye apange mwisho?

Mbukwenyi wadau. Naleta hoja iliyotugawa kikundini tangu mavuno. Nimeona heri ibishaniwe na wengi kuliko kubaki maneno ya chini chini bombani.

Sisi ni akina mama kumi na mmoja hapa Kibaigwa, mji wa mahindi kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Tunaigiza sokoni, mnadani, na vijijini tukiitwa. Mchezo wetu wa kwanza tuliutunga wenyewe: mke analima, mume anauza, hela inaishia kilabuni. Hatukuupa mwisho. Mama anasimama na ufunguo wa ghala mkononi, ngoma inakatika, basi. Watu walibishana mpaka giza likaingia, na mzee mmoja akadai arudishiwe kiingilio, wakati hatukutoza hata shilingi.

Mwaka huu likaja shirika moja na mchezo wa kupinga ukeketaji. Nauli ipo, spika zipo, posho ipo. Na maneno yameshaandikwa mpaka mwisho: ngariba anatubu, anamkabidhi mtendaji wembe, wote tunaimba. Kijiji cha tatu, bibi mmoja aliyekaa mbele alicheka kwa sauti. "Huyo ngariba mwenye ngoma mmemfufua wapi?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Wanawake wengi wa Dodoma na Singida tunajua mambo yalivyogeuka. Tangu sheria ya 1998 iweke kifungo kwa anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18, watu wamejifunza kujificha. Siku hizi anakatwa mtoto mchanga, ndani, kimya kimya, na ukiuliza unaambiwa alikuwa na lawalawa, ametibiwa. Lawalawa yenyewe ni muwasho na maambukizi ya sehemu za siri, kitu cha dawa na usafi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta karibu nusu ya wanawake wa mkoa huu wamekeketwa, kwa hiyo jambo si dogo. Lakini sisi pale jukwaani tulikuwa tunampiga adui aliyekwishahama nyumba. Na tulijua! Kumi na mmoja wote tulijua, tukaimba.

Wapo wanaosema mwanamke kusema mambo ya ndani hadharani si mila. Hao sitawajibu kirefu. Muheme kwa Wagogo hupigwa na nani? Wanawake, ngoma wameibana mapajani, mbele ya kadamnasi. Tuendelee.

Hoja yenye uzito ni ya mwenyekiti wetu, dada ninayemheshimu. Anasema posho ile ilimnunulia mwanawe sare, na jenereta haliwashwi kwa maneno. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengewa vikundi vya wanawake, hauna riba, sawa, ila lazima urejeshwe. Kuku watarejesha, sabuni itarejesha. Igizo litarejesha nini? Hapo sina jibu zuri. Kiingilio cha mia tano tulijaribu Februari, watu wako shambani, tukapata hela ya soda.

Msimamo wangu: pesa tuchukue, andiko tukatae. Hili si wazo langu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, kule Mwanza. Wanakijiji wenyewe walichunguza shida zao, wakazitungia michezo, kisha wakazijadili. Siku hizi tumebakiza ngoma na fulana, uchunguzi tumemwachia mfadhili.

Mwenyekiti akanirudi kwa swali ambalo limeninyima usingizi: "Tukiigiza ukweli, si tutakuwa tunawachongea jirani zetu polisi?" Yule bibi aliyecheka huenda ana mjukuu. Akijiona jukwaani hatatuita tena, na mlango wake ukifungwa hatutajua kinachofanyika ndani.

Nimetunga kipande kifupi. Mkwe yuko nje, anachemsha maji. Ndani mtoto analia, bibi anasema ni lawalawa, leteni beseni. Mkwe anafika mlangoni, anageuka kwa watazamaji: "Mtoto anawashwa kweli, nimeona mwenyewe. Nimpeleke wapi?" Hakuna wembe, hakuna mtendaji, hakuna jina la mtu. Tunanyamaza mpaka mmoja wao aseme. Mwenyekiti anasema shirika halitalipia mchezo usiotaja kosa, na wengine kikundini wananiona nawatetea wakataji.

Jumamosi tunarudi kijiji cha yule bibi. Mwenyekiti ana andiko la shirika na nauli ya watu kumi na mmoja. Mimi nina beseni. Ungekuwa wewe ni mwanakikundi, ungepanda gari au ungebaki na mimi? Na wewe uliyewahi kuigizia wafadhili, uliwahi kubadilisha mwisho wao? Walikufanyaje?