Kuimba wimbo wa taifa la wengine wakiwa na msiba: tupeane uzoefu

Jirani wa Umoja: Wasee habari zenu. Hapa mtaani tuna majirani wengi Wakongo, na tangu waasi wa M23 waingie mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025 halafu Bukavu mwezi uliofuata, hawa watu wamekuwa wakikutana kwa maombi, sasa kuna mmoja wetu amependekeza sisi Wakenya tujifunze wimbo wao wa taifa, Debout Congolais, tuimbe nao kwa mkesha. Wengine wamekataa katakata, wanasema wimbo wa taifa ni kama kiapo na mtu haapi mara mbili. Mimi naona tuimbe. Novemba 2015 baada ya mashambulizi ya Paris, Waingereza walijaa uwanja wa Wembley wakaimba wimbo wa Ufaransa, maneno yamewekwa kwa skrini, na hakuna aliyegeuka Mfaransa. Kilichoniuma ni kwamba Aprili mwaka huo huo watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, na mimi sikusikia uwanja wowote wa nje ukiimba Ee Mungu Nguvu Yetu. Nani ameshawahi kuimba wa wenyewe? Ilikuwaje?

Mama Kwaya: Sisi tuliimba. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama kule Ukara, Ziwa Victoria, watu zaidi ya 200 wakafa, na kwaya yetu ilikuwa na dada Mtanzania aliyepoteza shangazi yake. Mungu Ibariki Afrika si ngumu, ni Kiswahili, na ubeti wa kwanza ni wa Afrika nzima, huo tukaimba wote kwa nguvu. Kufika wa pili, ule wa Tanzania, mwalimu akatuinulia kiganja tunyamaze, dada akaendelea peke yake mpaka sauti ikamkatika katikati, na hapo hapo wenzake wa sauti ya pili wakaingia wakambeba mpaka mwisho. Haikuwa imepangwa. Kuimbeni jamani.

Mwalimu wa Kifaransa: Someni maneno kwanza. Wiki hiyo ya Wembley wanafunzi wangu waliniomba tuuimbe huo wa Ufaransa darasani, nikawaandikia ubaoni, tulipofika pale pa damu chafu kunywesha mashamba wakaanza kuangaliana. Ni wimbo wa vita wa 1792. Msichana mmoja akasema atasimama lakini hataimba, nikamwambia kusimama ni heshima tosha. Wa Kongo hauna maneno kama hayo, ni wa uhuru, 1960, Mobutu akauondoa enzi za Zaire ukarudi 1997.

Wa Kilimani: Mimi naongeza, ulizeni wenyewe. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 nilipata majirani kutoka Khartoum, nikajitolea kujifunza wimbo wao. Mama yao akaniambia mwanangu, huo wimbo unasema sisi ni askari wa Mungu na wa nchi, na askari ndio wamenitoa kwangu. Akaniomba niwe naja tu tunywe chai. Msudani mwingine angefurahi sana, kwa hivyo huwezi kukisia ukiwa nyumbani kwako.

Mzee wa Jericho: Hiyo ya kiapo siikubali. Enzi za ubaguzi wa rangi Afrika Kusini tuliimba Nkosi Sikelel' iAfrika, ule wa Enoch Sontonga wa 1897, na serikali ya Pretoria ilikuwa na wimbo wake mwingine kabisa. Tuliimba wa wananchi waliokuwa wananyimwa nchi yao. Mtu akiimba na Wakongo anaimba na watu, si na ikulu ya Kinshasa.

Mtoto wa Goma: Mimi ndio mmoja wa hao majirani. Tunataka muimbe, tena sana. Kifaransa kisiwatishe, hata watoto wetu waliozaliwa hapa Nairobi hawaujui huo wimbo, mtafundishwa pamoja nao. Ombi letu moja tu, tuanze na wenu, kwa sababu nyinyi ndio mlitupokea. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwetu, na mwalimu wa Kifaransa kama uko karibu tafadhali kuja utusaidie matamshi.

Mwalimu wa Kifaransa: Nakuja. Nitachapisha maneno, niambieni nakala ngapi.